Siku Kasoro Robo

Binti wa tiketi aliniambia kwa upole,
kalamu yake ikigonga kioo cha kaunta:
Usivuke saa ishirini na nne, kaka.
Chini ya hapo unaunganisha tu, Maskati haihesabiki.
Ukizidisha umesimama,
na anayesimama hulipia: laki tatu na arobaini,
nauli inavunjwa vipande viwili kama muwa.

Nikachagua kuunganisha.
Kutua saa kumi na moja alfajiri,
kuondoka kesho yake, saa kumi na moja kasoro robo.

Afisa wa uhamiaji, Ibtihaj, jina kifuani,
alitazama pasi yangu, akagonga muhuri,
akanijibu kwa Kiswahili cha bibi yake:
"Haya, pita. Usipotee."

Nje joto lilikwisha kuamka kabla ya watu.
Shangazi Thureya kaja na gari la mjukuu,
baibui ina unga kwenye kiwiko.
Akanikumbatia, kisha akanitazama mikono.
"Mzigo?"

Mzigo, shangazi, umeandikiwa Guangzhou.
Uko humo ndani, chini ya sakafu, kwenye baridi,
pamoja na ubuyu wako, na pilipili mbuzi za kukausha,
na kanga ile uliyoichagua kwa simu
ukinisomea msemo wake herufi kwa herufi.
Anayeunganisha hapewi begi lake.
Ndiyo sheria.

"Sheria ya nani?" akasema, akawasha gari.

Mawaleh, nyumba nyeupe, ukuta mrefu, paka mmoja.
Tulikula muhogo wa barafu kutoka duka la Mmalabari,
nazi ya unga, samaki nguru, na bado akaniongezea.
Kila sahani ikiisha natazama saa.
Mara ya tatu akanivua saa mkononi,
akaitia kwenye kopo la sukari,
akafunga kifuniko.

"Na mimi nilikuja kupita," akasema.
"Mwaka wa sabini na tatu. Nakwenda Kuwait kwa kaka Nassor.
Meli wiki ijayo, wakaniambia.
Wiki ijayo nikaolewa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Sanduku lilikwenda. La bati, jina langu kwa rangi nyeupe.
Lilifika Kuwait bila mimi.
Nassor kalala nalo chini ya kitanda miaka kumi na moja,
hakulifungua, akisema mwenyewe yu njiani.
Sasa waulize hao wenzio wenye kalamu:
mimi nimesimama,
au bado nangoja kuunganishwa?"

Kiyoyozi kikakohoa.
Sikuwa na jibu, nikaomba chai.

Saa tisa usiku akaniamsha, hakuwa amelala.
Kopo likafunguliwa; saa ikatoka na chembe za sukari
zimenasa kwenye mkanda.
Mlangoni akashika kitasa, hakukizungusha.
"Ungekaa hata asubuhi tu. Ningekupikia vitumbua,
ungemwona Zamzam akitoka chuoni."

Nikasema sina laki tatu na arobaini.

Ninazo. Zilikuwa ndani ya soksi ya kushoto,
za kununulia mabomba ya bafuni, dazeni kwa dazeni.
Nilizikanyaga kutoka mlangoni mpaka garini,
kutoka garini mpaka kaunta,
na binti wa kaunta akaichana karatasi vizuri,
akasema, safari yako ni moja, haina kituo.

Chumba cha hoteli Guangzhou, ghorofa ya kumi na saba.
Nikafungua begi.
Ubuyu umepasuka.
Mashati mawili mekundu, soksi nyekundu,
na kanga ya shangazi
imelowa sukari na rangi hadi katikati,
nusu ya msemo haisomeki.
Nikakaa kitandani, nikalamba kidole.
Saa yangu bado inahesabu kwa saa za Maskati.